Kona Tisa za Nyapara

Nilimwonea wivu mzee yule kwa miaka kumi na miwili, na katika miaka yote hiyo sikuacha hata asubuhi moja kumwambia shikamoo.

Tulimwita Nyapara. Jina la ubatizo alikuwa nalo, la ukoo alikuwa nalo, lakini mke wake mwenyewe alimwita Nyapara, na padri naye vivyo hivyo. Alikuwa amesimamia vibarua wa barabara ya kupanda Mgeta tangu wakati wa mkoloni, na alipostaafu, barabara haikumtoka moyoni. Asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu, alisimama ukingoni akaitazama barabara juu na chini, kama mama anayemwangalia mtoto aliyelala na homa. Akisharidhika, au akishakasirika, ndipo alipokugeukia na kusema, "Marahaba." Ulikuwa umeshasahau kama ulimwamkia.

Kijiji chetu kilikuwa kimeandikishwa kuwa cha ujamaa. Nyumba zilisogezwa karibu na barabara ili malori ya kabichi yasihangaike kutufuata, lakini mlima wenyewe haukusogea. Nyumba ya jirani ilikuwa juu ya paa lako, na shamba lako lilikuwa chini ya miguu yako. Mtu akidondosha chungwa mlangoni kwake, alilifuata kwa mwenzake.

Katika mlima huo nilikuwa nambeba mwanangu Felista. Alipata homa akiwa na miaka mitatu, na homa ilipoondoka iliondoka na miguu yake. Baba yake alikuwa kibarua kiwandani Mzinga, akirudi kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mgongo wa kumbebea ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wangu. Nilimbeba kwenda shambani, kanisani, zahanati, mpaka akatimiza miaka minane na miguu yake ikawa inaning'inia magotini pangu. Watu walisema, "Mama Felista ana mgongo wa chuma." Sitaficha: sifa ile niliipenda. Sikuwa na nyingine.

Mwaka huo vijana wa kijiji walijitolea kutengeneza uwanja wa watoto. Walisafisha kipande cha chini kando ya kijito, ndipo pekee palipokuwa tambarare. Wakatundika bembea za kamba, wakaweka ubao wa kupanda na kushuka wawili wawili, wakachonga na kibao: UWANJA WA WATOTO WOTE WA KIJIJI. Bwana mmoja alikuja kutoka wilayani kuufungua. Tulisimama wote pale juu, kwenye ukingo, kwa kuwa mgeni alikuwa na viatu vya kuteleza na hakutaka kushuka zile ngazi za udongo. Zilikuwa ngazi kali, kila moja kimo cha goti. Hotuba ilikuwa nzuri. Mwenyekiti wa kijiji akauliza kama kuna mwenye neno. Nyapara akainua fimbo.

"Ndugu Mwenyekiti, nina swali."

"Uliza, Nyapara."

"Yule aliye mgongoni kwa Mama Felista ni mtoto wa kijiji gani?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Si wa hapa hapa?"

"Basi kibao kinasema uongo. Atashukaje?"

"Mama yake atambeba. Siku zote humbeba."

"Sijauliza nani atambeba," Nyapara akasema. "Nimeuliza yeye atashukaje."

Mgeni kutoka wilayani akaandika kitu kwenye daftari lake, wakapiga makofi, mkutano ukaisha. Mimi nilipanda kurudi nyumbani masikio yakiniwaka. Niliona ametukana mgongo wangu mbele ya watu, na mbele ya mgeni.

Kesho yake alikuja. Nilikuwa nachambua mboga kibarazani, Felista amekaa kwenye mkeka. Nikainuka na kumpa kigoda, hakukaa. Alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Shikamoo, Nyapara," Felista akasema.

"Marahaba. Wewe ukitaka kutoka hapa kwenda kule kwenye mgomba, unaendaje?"

"Haendi," nikajibu mimi. "Huwa nampeleka."

Hakunitazama. Alikuwa bado anamngoja mtoto. Felista akanitazama kidogo, kisha akashuka mkekani. Akageuka, akatanguliza miguu yake nyuma, akashuka kinyumenyume kwa mikono, akapita mgomba, akaendelea mpaka kwenye mparachichi wa jirani, hatua kama arobaini chini ya nyumba yangu. Kisha akapanda tena, akihema, magoti yamejaa vumbi.

"Tangu lini unafika pale?" nikamuuliza.

"Zamani," akasema. "Ukienda shambani."

Nyapara alikuwa anatazama udongo mahali alipopita. "Wapi palikusumbua?"

"Hapo kwenye jiwe pananiteleza. Na hapo chini mikono inauma kwa sababu ya changarawe. Na pale katikati huwa nachoka, nalala kidogo, halafu naendelea."

"Unalala wapi hasa?"

"Pale penye majani."

Akaenda akachomeka kijiti pale penye majani. Nilisimama na mboga zangu mkononi. Miaka minane nilikuwa na mtoto huyu. Nilijua joto la tumbo lake mgongoni kwangu, nilijua anavyokohoa, nilijua akipumua vipi kabla hajalia. Sikujua kwamba ana mahali pake pa kulala katikati ya mteremko. Mtu baki alikuja na maswali matatu, akaambiwa yote.

Kabla hajaondoka alitoa kamba mfukoni akapima viganja vya Felista, urefu na upana, kama fundi viatu apimavyo nyayo. Wiki iliyofuata akaleta katambuga mbili ndogo za tairi, za kuvaa mikononi. Mimi nilikuwa namfunga mikono kwa vipande vya khanga kuukuu, vikichanika siku hiyo hiyo. Felista alivaa zile katambuga akapiga kibaraza: pa, pa, pa. Alizilalia usiku kama mto.

Msije mkadhani nasimulia habari za mtu mpole. Nyapara alichukia kelele za watoto. Alichukia mbuzi zaidi, lakini watoto walifuatia. Alikuwa na watoto wake saba, wote wazima wa miguu, na sikumwona hata mmoja amepakatwa. Yeye akiingia uani kwa mlango wa mbele, wao walitoka kwa mlango wa nyuma. Misa ya Jumapili aliisikiliza akiwa nje, akizunguka kanisa na kukagua mifereji. Padri akitoka akimwambia, "Tumsifu Yesu Kristo," yeye alijibu, "Milele na milele, amina. Upande wa kusini maji yanakula msingi."

Na tairi alilokuja kutengenezea bembea baadaye aliliiba, tuseme ukweli. Lori la kabichi lilikwama siku mbili chini ya nyumba yake, na lilipoondoka liliondoka bila tairi lake la akiba. Dereva alirudi wiki ya pili anatukana. Nyapara alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta ugoro, akasema, "Ungelifunga vizuri." Mtu huyo huyo alimchapa mwanawe fimbo kwa kuchuma parachichi moja la jirani.

Mke wake alikuwa rafiki yangu wa kisimani. Siku moja tuliketi na ndoo zetu tukimtazama Nyapara kule chini akimwonyesha Felista jinsi ya kusoma maji ndani ya chupa. Ndicho kilichokuwa kipimo chake: chupa bapa yenye maji nusu, aliyoilaza juu ya ubao kujua mteremko umeinama kiasi gani.

"Nimemzalia saba," mke wake akasema. "Hakuna aliyepimwa kiganja."

"Mchukue basi," nikamwambia. "Sijamwita kwangu."

"Mwanao ndiye anayemwita, mwenzangu."

Tulicheka, lakini kila mmoja alicheka na lake.

Alichokuwa anakipanga ni njia. Si ngazi. Njia ya kushuka taratibu kutoka barabarani mpaka uwanjani, ambayo mtoto wa kutambaa angeishuka na kuipanda mwenyewe bila kuteleza. Alisema, "Mlima haupandwi, unabembelezwa." Alisema pia, "Njia inayochagua mpitaji ni njia ya mbuzi." Maneno kama haya aliyasema kwa hasira, si kwa busara. Kwake yeye ngazi zile za udongo zilikuwa kazi mbovu, na kazi mbovu ilimnyima usingizi. Sikumsikia hata siku moja akisema anamhurumia Felista. Wengine wote tulimhurumia. Nadhani mwanangu alimpendea hilo kwanza.

Lakini hakupata wa kumsaidia, na sababu ilijulikana. Wakati wa mkoloni watu wa mlima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao, na Nyapara alikuwa mmoja wa waliosimamia. Asiyekuja kuchimba, yeye ndiye aliyemtaja kwa wakubwa. Alimtaja baba yangu. Baba alikamatwa, akalala ndani siku kadhaa, akarudi na jicho moja halioni vizuri. Alikufa akiwa bado anatema mate akisikia jina lile. Kwa hiyo Nyapara alipoomba watu waje na sururu na mabeleshi, waliitikia kwa midomo. "Sururu ya Nyapara tulishaiona," walisema. Akaanza peke yake, kila Jumamosi na kila jioni baada ya shamba.

Na njia yake ilipofika karibu na nusu, ikalikuta shamba langu la maharage.

Kwetu Waluguru ardhi hufuata mama. Shamba lile nilipewa na mama, naye alipewa na bibi. Ujamaa ulikuwepo, lakini mwenyekiti alikuwa Mluguru pia, na hakutaka ugomvi na ukoo wa mtu. Nikisema hapana, ni hapana. Nyapara alilijua hilo. Alikuja akasimama nje ya maharage, hakukanyaga.

"Mama Felista, kamba yangu imefika kwako."

"Irudishe."

"Nahitaji hatua mbili tu, hapa ukingoni. Nikipita hapa, kona ni tatu, na njia inakuwa laini. Mvua hizi hazitakwisha kabla hajashuka."

"Hili ni shamba la bibi yangu, Nyapara. Hakulitoa kwa mkoloni, sitalitoa kwako."

Akasema taratibu, "Nikizunguka ni kona tisa. Ni misimu miwili ya mvua."

"Zunguka."

"Ni ya mwanao njia hii."

Hapo ndipo nilipochukua kisu nilichojua kinakata. Nikamwambia, "Ulimtaja baba yangu ili wakubwa wakuone mtu wa maana. Leo unataka kijiji kikuone mtu mwema, na unapita juu ya mwanangu. Zunguka, Nyapara."

Aliitazama ile kamba mkononi. "Nilimtaja," akasema. "Nilimtaja baba yako, na wengine wanne." Akaanza kuikunja. Jumamosi iliyofuata alianza kuzunguka.

Kijiji kiliniheshimu kwa jibu lile. Wazee walinipa mkono njiani. Mjomba wangu alisema, "Umemjibia baba yako." Niliupokea mkono wao, nikakaa kimya. Mimi peke yangu nilijua kwamba siku ile, nimesimama kwenye maharage, sikuwa nimemkumbuka baba hata kidogo mpaka nilipomhitaji. Nilichokuwa naona ni jinsi Felista alivyokuwa akimsubiri mzee yule kila jioni, shingo imenyooka, masikio yako barabarani. Mimi nikirudi kutoka shambani hakuwa akininyooshea shingo. Mimi nilikuwa wa kurudi tu.

Nilifanya na jingine dogo, ambalo linaniuma kuliko lile kubwa. Wiki moja nilizificha katambuga zake ndani ya ghala, chini ya mahindi. Nilitegemea atalia, nitamfunga khanga mikononi kama zamani, nitambeba. Hakulia. Alitafuta siku nzima kimyakimya, kesho yake akashuka mikono mitupu kwenda kumwonyesha Nyapara anapochokea kwenye kona ya nne, kwa sababu walikuwa wamekubaliana. Akarudi viganja vinachuruzika damu. Nikazitoa ghalani, nikasema nimezikuta nyuma ya mtungi. Alizichukua akasema, "Asante, mama." Zilikuwa na vumbi la mahindi. Alilipangusa polepole kwa kidole, akanitazama, akazivaa.

Katika misimu ile miwili nilisikia mengi kupitia kinywa cha Felista, maana alikuwa akirudi nyumbani na habari kama mtu aliyetoka kazini. Kwamba maji lazima yapewe njia yao kwanza, la sivyo yatachukua ya watu. Kwamba ukingo wa nje uinuliwe ili mkono usiteleze. Kwamba kila kona ina mahali pa kupumzikia, na mahali hapo hapachaguliwi na Nyapara, panachaguliwa na yeye Felista. Alishuka mpaka alipochoka, akalala, na pale alipolala Nyapara alisawazisha ardhi akapanda majani. "Aliyechoka si mvivu," alimwambia. "Ndiye mpimaji."

Njia ilipofika kona ya sita, vijana wawili walikuja na sururu zao bila kuitwa. Kisha akina mama wakaleta karai. Wakabeba mchanga wa kijito wakaumwaga chini ya bembea, ili wa kutambaa asichunike. Nyapara akatengeneza bembea ya lile tairi. Aliishusha karibu na ardhi, akaipa mgongo wa ubao na mkanda wa kiunoni, na pembeni akachimbia mti wa kushika ili mtoto ajivute mwenyewe hadi kitini. Ndipo mke wa mwenye duka, ambaye tulijua ana watoto watatu, akatoka na wa nne. Alikuwa msichana asiyeona, wa umri wa Felista, aliyekuwa akiishi chumba cha nyuma. Nyapara alimuuliza maswali yake kama kawaida, kisha akafunga kamba kutoka mwisho wa njia mpaka kwenye bembea, na kamba ikawa na mafundo ya kumwonyesha amefika wapi. Baadaye wakatoka wengine wawili kutoka nyumba za juu. Kumbe tulikuwa tunafichana watoto.

Siku njia ilipokwisha hapakuwa na mgeni wala hotuba. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ukungu ulikuwa haujainuka. Felista alivaa katambuga zake barabarani. Nami nilikuja na khanga begani, tayari. Alipoanza kushuka nikamfuata. Nyapara akanyoosha fimbo mbele yangu.

"Wewe kaa hapo."

"Ni mwanangu."

"Najua ni mwanao. Kaa."

Nilikaa kwenye kona ya kwanza, kwenye majani ya kupumzikia. Nilizisikia katambuga, pa, pa, pa, zikipita kona ya pili, ya tatu, zikinyamaza alipopumzika, zikianza tena. Ukungu ukazimeza. Hakuniita. Kila aliponyamaza nilisimama, na kila aliponiona nimesimama Nyapara alitikisa kichwa. Muda ulipita mrefu. Kisha kutoka chini nikasikia kamba zikilia, na mtu akacheka, kicheko kikubwa, kinachopanda na kuvunjika na kupanda tena.

Nikamuuliza mke wa Nyapara aliyekuwa karibu yangu, "Nani huyo anayecheka hivyo?"

Akanishangaa. "Si Felista wako?"

Nilijifunika uso kwa khanga. Watu walidhani nalia kwa furaha. Ilikuwepo furaha, siwezi kukana. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, kichungu kama shubiri: nilikuwa nimembeba miaka minane, na kicheko chake sikukijua. Nilimtazama mzee yule. Alikuwa amekunja uso, anasikiliza kamba.

"Inalia," akasema. "Inataka mafuta."

Kisha akashuka kwenda kuwakemea watoto wapunguze kelele.

Miaka ikaenda. Felista alisoma, akamaliza, akapelekwa mjini Morogoro kufundisha watoto wadogo wa chekechea. Aliniandikia, lakini barua zake kwangu zilikuwa za heri na afya. Mimi nilikuwa nimejifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima, pamoja na akina mama wenzangu, jioni, pale shuleni. Nyapara alikataa kuja. Alisema mwalimu hajui kusawazisha meza.

Basi siku moja mchana dereva wa lori alileta barua ofisini, na mwenyekiti akaniita. Bahasha ilikuwa na mwandiko wa mwanangu. Nikanyoosha mkono kwa furaha, nikaona jina: ilikuwa ya Nyapara.

"Mpelekee," mwenyekiti akasema. "Wewe unasoma. Za kwanza nilimsomea mimi, sasa macho yangu yamechoka."

"Za kwanza? Ziko ngapi?"

"Mbona nyingi."

Nilipanda kwa Nyapara barua ikinichoma mkononi. Alikuwa mgonjwa wa kifua tangu mavuno, hakuwa akifika tena barabarani. Nilimkuta ameegemea ukuta wa kibaraza, mdogo ndani ya koti lake, miguu ameifunika kwa gunia.

"Shikamoo, Nyapara."

"Marahaba. Ni ya Felista hiyo?"

"Ndiyo."

"Soma yote. Mwenyekiti huwa anaruka."

Nikasoma. Felista alimweleza kwamba shule yake ina uwanja, na mlangoni mwa uwanja kuna ngazi tatu za saruji, na ana watoto wawili wasioweza kuzipanda. Alikuwa amemwomba mwalimu mkuu amruhusu kumwaga udongo upande mmoja, akaruhusiwa, akaumwaga pamoja na wazazi. Lakini mvua ikinyesha udongo unakuwa mfereji. Alitaka kujua amekosea wapi kabla hajaanza upya. Kurasa mbili nzima, na michoro ya mishale. Mwishoni: "Nisalimie mama. Usimwambie kama nimeanguka, nimeshapona."

Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti, kwa sababu Nyapara alikuwa amesema nisome yote.

"Aliponaje?" Nyapara akauliza.

"Hajaandika."

"Haya. Andika jibu." Mke wake akaniletea karatasi na kalamu. Akaanza: maji yatolewe kwanza, upande wa juu, kwa mfereji mdogo wa mawe. Ukingo wa nje uinuke kwa kiganja kimoja. Awaulize wale watoto wawili wanachokea wapi. Niliandika. Wivu wangu, ule wa zamani, ulikuwa umeketi nami kwenye mkeka kama mgeni asiyeaga. Nikaona sitauweza tena. Nikaweka kalamu chini.

"Nyapara, lile shamba la maharage."

"Lina nini?"

"Sikukukatalia kwa ajili ya baba."

Aligeuza kichwa polepole.

"Ulidhani nimekataa kwa sababu ya baba. Watu wote walidhani. Nilikuwa na wivu. Mtoto alikuwa anakungoja wewe. Sikutaka ashuke bila mimi."

Kuku walipita, wakarudi. Kisha uso wake ukabadilika, na kwa mara ya kwanza nikaiona ile hasira ambayo vibarua walikuwa wakiisimulia.

"Kona tisa!" akasema. "Mama Felista! Nilichimba kona tisa. Kila kona nilimkumbuka baba yako. Nilikuwa nazungumza naye. Nilimwambia, haya, mzee, hii ni ya jicho lako. Na ya pili nikamwambia hivyo hivyo. Na wewe ulikuwa…" Akashikwa na kikohozi. Mke wake akatoka mbio na maji. Alipotulia, mabega yake yalikuwa yanatikisika, na nilipomwangalia vizuri nikaona anacheka. "Kona tisa," akamwambia mke wake, akipangusa macho. "Kwa wivu wa mwanamke."

"Nisamehe, Nyapara."

"Baba yako alistahili hizo kona," akasema. "Na kumi." Akavuta pumzi. "Felista anajua?"

"Hapana."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Mimi mtu wa nini? Mwandikie."

"Karatasi ni yako. Umeniambia niandike maneno yako."

"Yangu yamekwisha." Akaisukuma karatasi kwa kidole mpaka gotini pangu. "Hayo uliyoyasema sasa hivi, yaandike kama ulivyoyasema. Na la katambuga pia."

Nikashtuka. "La katambuga ulilijuaje?"

"Viganja niliviona mimi. Andika."

Nikaandika jina la mwanangu juu ya ukurasa mpya. Nikaandika mstari mmoja, nikaufuta. Nikaandika mwingine. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani, na mke wa Nyapara akauliza kama awashe taa.

"Umemaliza?" Nyapara akaniuliza, macho ameyafumba.

"Bado."

"Mwanga upo. Endelea."